Nyumba za zamani za Bukavu: nani aulizwe kabla ya nyundo kupigwa?

Abiria anayetoka Goma kwa meli huuona mji wa Bukavu muda mrefu kabla ya kushuka. Kwanza hutokea vilima, kisha rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole, ndiyo maana watu husema Bukavu ni mkono wa kijani uliochovywa katika maji ya Kivu. Zamani jicho lilitua kwenye nyumba nyeupe za La Botte na Muhumba, zimetulia katikati ya miti, pembe zake zimeviringwa, baraza zake zikitazama maji. Siku hizi jicho linatua kwenye nondo. Zinachomoza juu ya zege ambalo halijamalizika, ghorofa ya tatu, ya nne, ya tano, katika kiwanja ambacho miaka michache iliyopita kilikuwa bustani ya nyumba moja.

Hakuna mwenye akili timamu anayeuzuia mji kukua. Bukavu ilipangwa na Wabelgiji kwa ajili ya watu wachache, na leo ina zaidi ya watu milioni moja. Watu hao wanataka pa kulala, pa kuuzia, pa kusomeshea watoto. Suala ni dogo zaidi ya hapo, na kwa sababu ni dogo limeachwa. Mtu mwenye nyumba ya zamani akitaka kuibadilisha, kuongeza ghorofa, kung'oa madirisha, kukata baraza ili apate duka upande wa barabara, nani anautazama mchoro wake kabla ya fundi kuanza? Na anayeutazama, anatazama nini?

Kwa desturi iliyozoeleka, kinachotazamwa ni karatasi za kiwanja na risiti za malipo. Mwenye parsele ana cheti cha usajili? Amelipa? Basi. Sura ya nyumba, umri wake, uhusiano wake na nyumba za jirani, haya hayana safu katika fomu. Nyumba ya mwaka 1940 na kibanda cha juzi vinapita mlango mmoja, na vinatoka na muhuri mmoja.

Inafaa kukumbuka ni mali gani inayozungumziwa. Kituo cha Bukavu kilianzishwa mwaka 1901, katika nchi ya Bushi. Baadaye mji ukaitwa Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, aliyekuwa naibu gavana mkuu enzi za mfalme Leopold, na jina hilo likadumu hadi mwaka 1954 jina la Bukavu liliporudi. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 mji ulikua kwa kasi. Walowezi wa Kivu walilima kahawa, chai, pareto na mkwinini, na fedha zao zikajenga nyumba kwa mtindo uliokuwa ukitamba duniani wakati ule, unaoitwa Art Deco. Anayeijua Bukavu anaujua mtindo huo hata kama hajawahi kusikia jina lake. Ni zile kona za mviringo badala ya pembe kali. Ni madirisha ya duara kama ya meli. Ni mistari mirefu ya saruji inayoizunguka nyumba kama mkanda, fremu nyembamba za chuma, ngazi za mawe zinazoteremka hadi ziwani. Chuo cha Alfajiri cha Wajesuiti, kilichoanza mwaka 1938, ni cha familia hiyo. Majengo kadhaa ya Avenue Lumumba, barabara kuu ya mji, ni ya familia hiyo pia, ingawa mabango ya simu na ya vipodozi yameyafunika hadi mpita njia hayaoni.

Miji yenye hazina ya namna hii si mingi barani Afrika. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ni mmojawapo. Waitalia waliujenga katika miaka ileile, na kituo chake cha mafuta cha Fiat Tagliero cha mwaka 1938, chenye mabawa mawili ya zege kama ndege inayotaka kuruka, kinajulikana na wanafunzi wa usanifu dunia nzima. Mwaka 2017 Asmara iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kongo ina maeneo matano katika orodha hiyo, na yote matano ni misitu na mbuga. Moja liko hapo jirani, Kahuzi-Biega, tangu mwaka 1980. Sokwe wa Kahuzi wana walinzi, wana sheria, wana watalii. Nyumba za Bukavu, ambazo mtu anaziona bila kupanda mlima wala kulipa kiingilio, hazina hata daftari la majina.

Hapa huja pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Kwa nini Mkongo ahangaike na nyumba za mkoloni? Ibanda ilikuwa mji wa wazungu. Mtu mweusi aliingia asubuhi akiwa boi, mpishi au mtunza bustani, na jioni alipanda kurudi Kadutu. Mzee wa Kadutu akisema kwamba nyumba zile hazimkumbushi kitu chema, hana kosa. Lakini mzee huyohuyo ukimuuliza ni nani aliyechonga mawe ya misingi ile, atakuonyesha kwa kidole kilima alichotoka baba yake. Walowezi walileta michoro na fedha. Mikono ilikuwa ya Bushi, na ya watu waliotoka mbali zaidi kutafuta kazi. Kuibomoa nyumba ile hakumlipi kisasi mtu yeyote. Kunafuta tu ushahidi wa kazi ambayo malipo yake yalikuwa duni, na kumwachia mkoloni jina peke yake.

Tena, urithi wa Bukavu haukuishia kwenye villa za ziwani, na ni kosa la wapenzi wa mji wa zamani kuzungumza kana kwamba uliishia hapo. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, ile OCA, kujenga makazi ya Waafrika katika miji mikubwa ya Kongo na hata Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura. Bagira ni mtoto wa OCA. Nyumba ndogo za matofali, safu kwa safu, na kila moja na kiwanja chake. Mpango wenyewe ulikuwa wa kibaguzi, kwa kuwa ulimtenga Mwafrika umbali wa kutembea kwa miguu. Lakini kama kazi ya ujenzi ni mfano wa nadra wa makazi ya watu wa kipato cha chini yaliyofikiriwa tangu mwanzo, yenye njia, nafasi wazi na mitaro. Leo mwenye nyumba ya OCA huongeza anekse uani ya kupangisha, kisha anekse ya pili, kisha choo kinasogea hadi ukuta wa jirani, na mtaro wa maji ya mvua unageuka kuwa msingi wa chumba. Ada ya shule ya watoto inatoka kwenye anekse ile. Mtu wa mipango miji anayekwenda Bagira na kumwambia mama yule avunje chumba kwa sababu ya historia, atafukuzwa, na atastahili kufukuzwa.

Ndiyo maana neno la msingi katika jambo hili ni kutazama, kabla ya neno kukataza. Nchi nyingine zimelifanyia kazi kwa muda mrefu. Mji wa Charleston, kusini mwa Marekani, uliweka mwaka 1931 sheria ya kwanza ya namna yake nchini humo. Mtaa wa kale ulichorewa mpaka, na bodi ya watu wachache ikapewa kazi ya kuangalia mabadiliko ya nje ya majengo kabla hayajafanywa. Ndani, mwenye nyumba hufanya apendavyo. Nje, panapoonekana na mpita njia, lazima aulize. Wazo hilo lilienea hadi Miami Beach, ambako hoteli za Art Deco zilizokuwa zikingoja kubomolewa ziliingizwa katika orodha ya taifa mwaka 1979, na leo hizohizo ndizo zinazouza jina la mji kwa watalii.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Zanzibar. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, miaka 15 kabla Mji Mkongwe haujaingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Anayetaka kubadilisha mlango, kuongeza ghorofa au kufungua ukuta lazima apitie huko. Isidhaniwe kwamba huko mambo yote ni mazuri. Jengo la Mambo Msiige lilipogeuzwa kuwa sehemu ya hoteli kubwa ya ufukweni, Kamati ya Urithi wa Dunia yenyewe ililalamika. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo mashuhuri kuliko yote pale, iliporomoka na kuua watu wawili waliokuwa katika kazi ya ukarabati. Sheria na mamlaka vilikuwapo. Lakini Wazanzibari wanapogombana kuhusu jengo, wana mahali pa kugombania. Kuna ofisi, kuna ramani, kuna madaraja ya majengo, kuna mtu wa kulaumiwa. Bukavu ugomvi unaanza baada ya ukuta kuwa chini.

Si kweli kwamba Kongo haina sheria. Mji wote, wa zamani na wa sasa, uko chini ya dekreti ya mipango miji ya tarehe 20 Juni 1957, ambayo ni ya zamani kuliko uhuru. Kibali cha kujenga kina kanuni zake zilizotolewa na wizara mwaka 2013. Na kuna sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni, iliyotungwa wakati Mobutu akihubiri kurudi kwenye asili. Sheria hiyo inasema jengo likishaorodheshwa, mwenye nalo hawezi kulibomoa wala kuligeuza bila idhini ya serikali. Kasoro yake iko katika neno lile, likishaorodheshwa. Mpaka karatasi itoke Kinshasa, kilomita zaidi ya 1,500 kutoka hapa, jengo halilindwi na kitu. Na karatasi ya Kinshasa kwa nyumba moja ya kuishi ya Nguba ni sawa na kungoja mvua mwezi wa Julai.

Kuhusu ardhi yenyewe, sheria ya mwaka 1973 iliifanya kuwa mali ya dola peke yake, na raia hupewa haki ya kuitumia. Mwaka huohuo, tarehe 30 Novemba, Mobutu alitangaza kugawa mashamba na biashara za wageni kwa raia, na nyumba nyingi zikafuata mkondo. Kuanzia hapo villa za Bukavu zimepita mikono mingi. Aliyegawiwa, aliyenunua kwa aliyegawiwa, afisa aliyeishi kwenye nyumba ya serikali hadi siku moja ikawa yake, warithi ambao hawaelewani. Wenyeji wanazijua hadithi hizi kuliko mahakama. Zina maana katika suala la ukarabati, kwa sababu mtu asiye na hakika na hati yake hatengenezi paa. Anauza upesi, au anajenga upesi kiasi cha kwamba anayekuja kudai akute zege.

Chukua mfano wa familia moja, ya kubuni lakini yenye ndugu wengi wa kweli. Baba amefariki. Mama anaishi katika nyumba ya Muhumba na wajukuu wawili. Paa bapa la saruji linavuja kila Septemba, fremu za chuma zimeoza kwa kutu, na fundi anayejua kuzichomelea upya bila kuziharibu ni mzee wa Nyamugo ambaye naye macho yamepungua. Yaya wa familia yuko Canada. Anapiga simu.

“Mama, ile nyumba ni mzigo. Mutu ametoa bei nzuri.”

“Atafanya nayo nini?”

“Si kazi yetu, mama.”

Mama anajua atafanya nayo nini. Amekwisha kuona kwa jirani. Nyumba itavunjwa mwezi wa sita, mchanga utapakuliwa juu ya maua yake, na mwaka ujao kutakuwa na ghorofa nne zenye vioo vya buluu na karo hadi juu, duka la vipuri chini, na jenereta inayonguruma usiku kucha. Asichokijua ni kwamba angeweza kuwa na njia ya tatu. Angeweza kuambiwa: gawa ndani vyumba vya kupangisha, jenga nyumba ya pili nyuma, usiguse uso wa mbele, na kwa kufanya hivyo utapunguziwa kodi ya nyumba kwa miaka kadhaa. Hiyo ndiyo kazi ya kamati ya kutazama michoro. Kodi ya nyumba na ardhi iko mikononi mwa mkoa, kwa hiyo punguzo halihitaji bunge la Kinshasa.

Mwekezaji atasema historia haijazi tumbo. Hapo anastahili kujibiwa kwa lugha yake mwenyewe, ya uzito na mteremko. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga eneo la Bukavu na Rusizi, likaua makumi ya watu, wengi wao upande wa Rwanda, na kupasua kuta katika mji mzima. Ardhi ya Bukavu ni udongo mzito uliotokana na kuoza kwa mawe ya volkano. Ukilowa, unateleza. Mtaa wa Funu unateremka polepole pamoja na watu wake, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience, uliofuatilia mwendo huo kwa miongo kadhaa, ulionyesha kwamba ujenzi wa mji wenyewe umeuongeza kasi. Mwishoni mwa Desemba 2023 mvua ya usiku mmoja iliua watu katika komini ya Ibanda, ileile ambayo watu waliiona kuwa ya matajiri. Msingi wa villa ya mwaka 1940 ulichimbwa kubeba sakafu moja, labda mbili. Anayepandisha tatu juu yake bila kumuuliza mtu hachezi na historia peke yake. Anacheza na mpangaji wa chini na jirani wa bondeni.

Na miti. Wale waliopanga bustani zile, kwa sababu zao za kibinafsi, waliacha eneo kubwa la kijani ambalo linanywa maji ya mvua kabla hayajafika barabarani. Kila bustani inayogawanywa parsele nne na kumwagiwa zege inatuma maji yake kwa aliye chini. Maji hayo yanabeba chupa na mifuko hadi ziwani, na kutoka ziwani hadi bwawa la Ruzizi, ambako mafundi wa umeme hupambana na takataka mlangoni mwa mitambo. Mtu wa Kadutu anayekaa gizani analipia, kwa sehemu, bustani iliyokatwa La Botte.

Pingamizi lingine ni la wakati. Tangu katikati ya Februari 2025 mji uko mikononi mwa AFC/M23. Mabenki yamefunga, uwanja wa ndege wa Kavumu haupokei abiria, watu wamezikimbia nyumba zao na wengine wamezirudia wakakuta milango haipo. Je, huu ni wakati wa kuzungumzia madirisha ya duara?

Jibu gumu ni kwamba ndio wakati wenyewe. Nyumba hizi zimepita vita kabla ya hivi. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba na kuuacha umetobolewa. Oktoba 1996 waasi wa AFDL waliingia, na askofu mkuu Christophe Munzihirwa akauawa barabarani. Juni 2004 ilikuwa zamu ya Nkunda na Mutebutsi. Baada ya kila tukio kuta zilizibwa kwa saruji na maisha yakaendelea. Kinachozimaliza nyumba ni kipindi kinachofuata risasi, pale mwenye nyumba anapohitaji dola taslimu na mwenye dola anajua hivyo. Kwa miaka mingi mashirika na ujumbe wa Umoja wa Mataifa walipanga villa hizi kwa bei ya juu. Walijenga kuta ndefu na kutandaza seng'enge, ni kweli, lakini paa lilitengenezwa. MONUSCO iliondoka Kivu Kusini Juni 2024. Mpangaji wa namna ile akiondoka, nyumba kubwa ya zamani inageuka kuwa gharama tupu, na simu kutoka Canada zinaongezeka.

Kuna pia tatizo la saini. Kibali kinachotolewa leo na mamlaka iliyopo kinaweza kukataliwa kesho na mamlaka nyingine, na mwenye nyumba anajua. Kwa hiyo kuidai kamati rasmi yenye muhuri mwaka huu ni kuota. Lakini hatua ya kwanza haihitaji muhuri. Inahitaji daftari na kamera. Mji una vyuo vikuu, wa Kikatoliki na wa Serikali, vyenye vijana wanaojua kuchora ramani na kupima ukuta. Una wazee wa Kadutu na Bagira wanaokumbuka nani alijenga wapi. Una maparokia na shule ambazo ni wenye majengo wakubwa na hazihitaji ruhusa ya mtu kuanza kuorodhesha mali zao. Nyumba kwa nyumba, kwa ridhaa ya mwenyewe, bila kuandika jina lake: mwaka unaokisiwa, picha ya uso wa mbele, aina ya paa, kilichobadilishwa, hali ya msingi. Daftari litunzwe zaidi ya mahali pamoja, kwa sababu zinazojulikana.

Tahadhari moja hapa. Orodha ya nyumba nzuri ni orodha tamu pia kwa mwenye bunduki anayetafuta pa kulala na kwa mtoza kodi anayetafuta wa kumbana. Ndiyo maana majina yasiandikwe, na ndiyo maana wenye nyumba wawe ndani ya kazi tangu siku ya kwanza. Mradi wa urithi unaoanzia hotelini kwa semina, posho na kofia, na kumfikia mwenye nyumba akiwa wa mwisho, Bukavu imekwisha kuuona mara nyingi katika mambo mengine.

Siku kamati itakapowezekana, iwe ndogo, na kazi yake iandikwe kwa ukurasa mmoja. Itazame nje tu. Ijibu ndani ya siku 30, na ikikaa kimya siku hizo zikapita, mwombaji ahesabiwe ameruhusiwa, ili ukimya usigeuke kuwa bei. Kila uamuzi ubandikwe mlangoni pa komini, pamoja na sababu zake. Itofautishe villa na nyumba ya OCA, maana anekse ya mjane wa Bagira na ghorofa tano za mfanyabiashara wa dhahabu si kosa moja wala si haja moja. Kwa Bagira inatosha kulinda mitaro, njia na mstari wa mbele wa nyumba, na kutoa michoro miwili mitatu ya anekse ambayo fundi wa kawaida anaweza kuijenga bila kuziba maji. Kwa La Botte na Muhumba swali liwe kali zaidi: kimo, mteremko, uso wa mbele, miti. Na ndani ya kamati awemo mwashi, tena mzee, asiwe mapambo. Wasanifu wachache wa mjini wanajua jinsi fremu za chuma za zamani zilivyoungwa. Mwashi aliyezitengeneza kwa miaka 40 anajua.

Kuna fundi mmoja au wawili wa namna hiyo katika kila mtaa, na vijana wanaojifunza kwao ni wachache, kwa kuwa alumini inalipa haraka na haihitaji kufikiri. Hilo nalo lina haraka kuliko sheria. Mji unaweza kupata kibali sahihi na kukosa mkono wa kukitekeleza.

Kiangazi cha Kivu kinaanza Juni. Ndiyo miezi mitatu ambayo paa bapa linaweza kufunguliwa bila kuogopa mvua, na ndiyo miezi ambayo malori ya mchanga hupanda Muhumba tangu alfajiri. Maamuzi yote ya mwaka, ya kutengeneza na ya kuvunja, huangukia humo. Anayetaka kuzungumza na mama yule wa Muhumba kuhusu njia ya tatu ana muda hadi Mei, kabla mwenye dola hajarudi na mkataba wa kutia saini.